Masaa 3 na dakika 21 jikoni kwa Jeanne

Haya ni maneno niliyoongea jumamosi tulipomaliza kuangalia sinema ya Jeanne Dielman. Watu kadhaa waliowahi kuondoka waliniomba niyaandike, nimeyaacha karibu vile yalivyotoka mdomoni.

Shikamooni wakubwa zangu. Na nyie wenzangu poleni kwa kukaa, najua migongo inauma na viti vyenyewe ndo hivi vya plastiki, nashukuru sana mliobaki. Walioondoka siwalaumu, mtu ana watoto, mtu anawahi gari la mwisho, maisha ndo hayo. Sitawaweka sana, kuna mambo tu yamenikaa moyoni kuhusu hii sinema nataka niyatoe kabla hatujatawanyika, alafu tunywe chai.

Kwanza niwaambie kazi yangu maana inahusika. Mimi ni edita. Nakaa kwenye kompyuta kutwa nakata picha, tamthilia, matangazo, video za harusi, chochote kinacholetwa nakata. Yani hela ninayokula inatokana na kuondoa vitu. Mtu akitembea kutoka mlangoni mpaka kwenye kochi mi namtoa mlangoni, sekunde inayofuata keshakaa, na wewe unayeangalia hata hushtuki, umeshazoea tangu utotoni kwamba kwenye sinema watu hawatembei, wanafika tu. Hawamenyi viazi, viazi vinatokea vimeshaiva mezani.

Miaka kadhaa nyuma niliediti tamthilia moja, kuna sini mama anapokea simu ya msiba, anakata simu, anarudi kuosha vyombo. Mpiga picha aliiacha kamera iendelee na yule muigizaji akaosha vyombo vyote mpaka sufuria la mwisho, akakamua kitambaa, akakianika kwenye ukingo wa ndoo, akasimama. Dakika 4 na kitu. Mi niliipenda ile sana. Prodyuza akaja akasimama nyuma ya kiti changu akaangalia kidogo akasema kata hapo, hakuna kinachotokea. Nikakata. Zilibaki sekunde 11, hiyo namba sijaisahau. Na nilikata bila kinyongo, niliamini kabisa yuko sahihi. Mwaka uliofuata ndo nikaiona hii sinema mara ya kwanza, kwenye laptopu, usiku, peke yangu, na ilipofika siku ya pili ya Jeanne nikasimamisha nikaenda kukaa nje barazani, sikuweza kuendelea. Nilikua namuwaza yule mama na kitambaa chake.

Kwahiyo mtu akiniuliza kwanini sinema ya mwaka 1975, ya Ubelgiji, mwanamke mmoja ndani ya fleti moja, bado inakaliwa na watu nusu karne baadae, jibu langu ndo hilo nalianzia hapo. Sinema zote zilizobaki zilikata. Hii haikukata.

Aliyeitengeneza anaitwa Chantal Akerman, mzaliwa wa Brussels, Juni 1950. Piga hesabu wakati wanapiga picha alikua na miaka 24. Mei 1975 ikaonyeshwa kwenye tamasha la sinema la Cannes kule Ufaransa, sio kwenye mashindano yenyewe yale ya zulia jekundu, ni kwenye ile wiki mbili ya madairekta inayoendeshwa pembeni. Jina lake mmeliona pale mwanzo, refu hivi: Jeanne Dielman, 23, quai du Commerce, 1080 Bruxelles. Ni anwani ile. Jina la mtu, namba ya nyumba, mtaa, namba ya posta, mji, kama unavyoandika juu ya bahasha. Binti wa miaka 24 anatengeneza sinema ya masaa matatu na zaidi kuhusu mjane anayepika, na jina anaipa anwani ya nyumba, kama anakuambia huyu mtu yupo, anakaa mahali, nenda kamuone.

Kwa waliochelewa kufika niseme haraka tu. Jeanne ni mjane, ana mtoto mmoja wa kiume, Sylvain, yupo shule bado. Tunakaa nae siku tatu. Anaamka, anawasha jiko, anapiga viatu vya mtoto brashi, anatengeneza kahawa, anatandika, anaenda posta, anaenda dukani, anamkalia jirani mtoto mchanga kwa muda mfupi, na mchana mlango unagongwa anaingia mwanaume, mmoja kwa siku, wanaingia chumbani, anatoka, analipa. Hela inaenda kwenye bakuli kubwa la supu lenye kifuniko pale mezani sebuleni. Jioni mtoto anarudi, wanakula, supu kwanza, maneno machache mno, wanatoka kidogo, wanalala. Siku ya kwanza kila kitu kimekaa sawa. Siku ya pili kuna kitu kinalegea. Siku ya tatu mmeona wenyewe.

Sasa hiyo kamera. Sijui kama mmeangalia vizuri, haisogei hata mara moja. Haimfuati, haimkaribii usoni ili tujue analia au halii, imewekwa mbele yake wima kama mtu aliyekaa kwenye stuli mkabala nae, tena chini kidogo maana Akerman mwenyewe alikua mfupi na aliiweka kwa kimo chake. Hakuna muziki wa kukuambia sasa huzunika, muziki unaousikia ni wa redio ya mle ndani. Jeanne akitoka jikoni anazima taa na kamera inabaki pale gizani sekunde kidogo ndo tunaenda chumba kingine, ambako na yeye anafika anawasha. Washa, zima, washa, zima, baada ya nusu saa mkono wako wenyewe unaitafuta swichi, mimi ilinitokea kweli, niliona Jeanne katoka chumbani taa inawaka nikashtuka kama vile ni umeme wangu unaisha.

Na hapo ndo napotaka tukae kidogo, kwenye viazi.

Siku ya kwanza viazi viko jikoni vinachemka wakati mgeni yuko chumbani. Kapiga hesabu yake, muda wa mwanaume na muda wa viazi ni mmoja, mwanaume akiondoka viazi vimeiva, anamwaga maji, anaweka pembeni, anaoga, anasugua bafu, anaendelea na maisha yake. Siku ya pili mwanaume kachelewa. Hatuonyeshwi kilichotokea mle ndani, mlango umefungwa, sisi tuko koridoni tunaona tu mwanga unabadilika ndo tunajua muda umeenda. Anatoka, nywele zimevurugika, hela anaweka kwenye bakuli ila kifuniko anasahau. Kifuniko. Anaenda jikoni viazi vimepitiliza.

Sasa angalieni anachofanya. Anashika ile sufuria hajui aipeleke wapi. Anatembea nayo. Anaingia nayo bafuni, anarudi nayo, anasimama katikati ya jiko lake mwenyewe ambalo kila kijiko anakijua kilipo, na hana pa kuweka sufuria. Hakuna kelele, hakuna sahani iliyovunjika. Kwenye ukumbi huu mlinyamaza wote, niliwasikiliza mimi, hata wale vijana wa nyuma waliokua wanaongea walinyamaza, na kilichokuwepo kwenye skrini ni mwanamke na sufuria la viazi. Baadae anavitupa, anaangalia vilivyobaki havitoshi, anavaa koti anateremka kwenda kununua vingine, anarudi anakaa pale mezani anaanza kumenya upya na kile kisu kinaenda kwa hasira kidogo, kinasimama, kinaenda. Mtoto anarudi anamwambia nywele zako zimevurugika. Hiyo tu ndo kauli anayopewa.

Ukinipa mimi ile futeji kabla sijaiona hii sinema, na prodyuza yuko nyuma yangu, ningeitoa yote. Shoti ya sufuria sekunde 2, shoti ya uso, basi tumeelewa, viazi vimeharibika twende mbele. Na mngeelewa kweli, habari ingewafikia. Ila msingeogopa. Mmeogopa kwa sababu siku ya kwanza mlikaa mkaviona viazi vikimenywa mpaka cha mwisho, mkaijua saa yake ilivyo, kwahiyo saa ilipokatika mlijua kabla yake yeye. Huo ndo ufundi wenyewe, na watu wanaoita hii sinema ya kuchosha mi nawaambia taratibu tu kwamba ule uchovu wa mwanzo ni kama unga unaolowekwa, bila huo mkate hakuna.

Kuna na kahawa ya siku ya tatu, sijui nani kaizingatia. Ameamka mapema kuliko kawaida, kafika posta imefungwa, siku nzima imekaa upande. Anakunywa kahawa haina ladha yake. Anaongeza maziwa, anaonja, haiko sawa. Sukari, anaonja. Anamwaga. Anatengeneza upya yote kuanzia maji. Mtu mwingine angeiandikia mistari ya maneno pale, "maisha yangu yamenishinda", na muziki wa fidla chini yake. Akerman kakupa mwanamke anaonja kahawa mara tatu na wewe mwenyewe unajua kahawa haina kosa lolote. Na kwenye ule mgahawa wake anakuta mama mwingine kakalia nafasi yake na dada anayemhudumiaga hayupo, na anatafuta kifungo cha koti la mtoto duka hadi duka hakipatikani kinachofanana. Kifungo kimoja! Mimi hapo ndo moyo huwa unaniuma kuliko hata mwisho, nimeangalia hii sinema mara sita na kifungo kinaniuma kila mara.

Alijifunzia wapi haya yote binti wa umri ule? Kwa mama yake na mama zake wadogo. Alisema mara nyingi kwamba hizo ishara za mikono, jinsi ya kukunja, jinsi ya kufuta meza, alizibeba kutoka kwa wanawake waliomlea. Wazazi wake walikua Wayahudi wa Poland, mama yake alipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, akanusurika, bibi na babu hawakurudi. Na yule mama akarudi Brussels, akaolewa, akazaa, akapika, na ya kule hakuyaongea. Kwenye sinema hakuna neno hata moja kuhusu kambi, na simlazimishi mtu aione hivyo, ila mi nikishajua hilo siwezi tena kuuona ule utaratibu wa Jeanne kama kichaa au kama gereza tu, naona mtu ambaye akiacha saa moja wazi bila kazi kuna kitu kitaingia humo ndani. Siku ya tatu ile saa inapatikana, ameamka mapema, kazi zimeisha, anakaa kwenye kiti sebuleni hana cha kufanya. Mliuona uso wake pale.

Nirudi nyuma kidogo. Akiwa na miaka 15 aliona sinema ya dairekta Godard, Pierrot le Fou, akaamua na yeye atatengeneza sinema. Akaingia chuo cha filamu Brussels akaacha muda mfupi tu. Mwaka 1968, miaka 18, akatengeneza kasinema ka dakika 13, Saute ma ville, yeye mwenyewe ndo yuko ndani yake, jikoni, anafanya usafi kama amepandwa na kitu, anapiga viatu rangi mpaka anapaka mguu, anaziba mlango na tepu, anafungulia gesi, mlipuko. Jikoni tena. Alafu mwaka 1971 akaenda New York, akafanya kazi ya kukata tiketi kwenye ukumbi wa sinema za ngono, hela za pale zikamsaidia kutengeneza kazi zake za mwanzo, na akawa anaenda kuangalia sinema za kina Michael Snow, yule Mkanada, ambazo hazina stori kabisa, ni kamera na muda basi. Kule ndo akakutana na Babette Mangolte, Mfaransa, ambaye ndo kapiga picha hii mliyoiona. Kwahiyo mchanganyiko ulioko humu ni huo, muda wa New York na jiko la mama Brussels, na hakuna mtu mwingine aliyekua navyo vyote viwili.

Timu nzima karibu wote walikua wanawake, kamera, uhariri, aliwatafuta makusudi kwasababu hawakua wanapewa hizo kazi. Na Jeanne mwenyewe ni Delphine Seyrig, staa mkubwa tayari Ufaransa, mwanamke ambaye kwenye sinema alizoeleka kama bibie wa majumba makubwa, magauni, sauti ile. Kwanini umchukue huyo aje kuosha vyombo? Akerman alieleza vizuri: ukimuweka mtu ambaye tumeshamzoea anaosha vyombo, hatutamuona, ni sehemu ya ukuta. Ukimuweka Delphine Seyrig, utaangalia. Nadhani hiyo ni moja ya mambo ya akili zaidi kuwahi kufanywa na dairekta kwenye kuchagua muigizaji, na inauma pia, maana inatuambia kitu kuhusu macho yetu. Na Seyrig hakuja kama msanii wa kukodiwa. Alikua mwanaharakati, mwaka 1971 ni mmoja wa wanawake 343 waliosaini ile barua Ufaransa ya kukiri hadharani kwamba wametoa mimba wakati ni kosa la jinai, na alikua anatengeneza video zake mwenyewe za mapambano ya wanawake. Kuna picha za video zilipigwa na muigizaji Sami Frey nyuma ya pazia wakati wanarekodi, unamuona Seyrig anamuuliza Akerman maswali juu ya maswali, hapa anawaza nini, anachana nywele kwa haraka kiasi gani, na yule binti anahangaika kujibu maana anaijua ishara kwa mwili sio kwa maelezo. Mi napenda sana zile picha. Wanawake wawili wanajadiliana kwa uzito kabisa jinsi ya kuchana nywele.

Mwaka wenyewe 1975 ulikua sio wa mchezo. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka wa wanawake. Italia na Uingereza kulikua na kampeni tayari za kudai mshahara kwa kazi za nyumbani, wakina Silvia Federici wanaandika kwamba kinachoitwa upendo ni kazi isiyolipwa. Na tarehe 24 Oktoba mwaka huohuo, miezi mitano tu baada ya Cannes, wanawake wa Iceland waliweka kila kitu chini siku moja, ofisini, viwandani, jikoni, asilimia 90 hivi ya wanawake wa nchi nzima. Akina baba wakaenda kazini na watoto, madukani soseji zikaisha kwasababu ndo kitu walichoweza kupika. Siku moja tu mwanamke kaacha kumenya viazi na nchi ikayumba. Akerman hakuiga Iceland na Iceland hawakuiga Akerman, ila ni saa ileile.

Na yeye mwenyewe hakupenda kufungiwa kwenye kisanduku, nisiwadanganye hapo. Alikua mkali ukimuita dairekta wa wanawake au wa hiki au kile, alikataa kazi zake kuwekwa kwenye matamasha ya kundi moja. Alichosema ni kwamba kwenye sinema kuna madaraja ya picha, busu na ajali ya gari viko juu, kuosha vyombo kuko chini kabisa, na hayo madaraja hayakujipanga yenyewe, yanafuata daraja la mwanamke kwenye jamii. Yeye akachukua picha ya chini kabisa akaipa urefu wake wote. Ukiuliza ufeministi wa hii sinema uko wapi, hakuna hotuba mle, hakuna anayeandamana, uko kwenye urefu wa shoti.

Desemba 2022 jarida la Uingereza la Sight and Sound likatoa orodha yao ya sinema bora za muda wote, wanafanya kila baada ya miaka kumi tangu 1952, na safari hii walipiga kura watu zaidi ya 1,600. Kwa miaka mingi namba moja ilikua Citizen Kane, 2012 ikaja Vertigo, na 2022 ikawa hii. Mara ya kwanza mwanamke kukaa pale juu. Awamu iliyotangulia ilikua kwenye thelathini na kitu huko. Kuna watu wakubwa kwenye sinema walikasirika wakasema ni siasa, ni mambo ya kufuata upepo. Mimi orodha sio ugonjwa wangu, namba moja au namba arobaini viazi ni vilevile, ila hilo la upepo nalikataa. Upepo hauvumi miaka 47. Marekani yenyewe ilikuja kuingia majumba ya sinema mwaka 1983. Watu wameitafuta kwenye mikanda mibovu, kwenye maktaba za vyuo, wanaitolea nakala, na madairekta wanawake wa sasa kina Céline Sciamma wamemtaja Akerman kwa heshima. Agnès Varda, dairekta wa Ufaransa, alifungua mlango mapema, 1962, na Cléo wake anayetembea Paris saa moja na nusu akisubiri majibu ya hospitali, ila Varda alikua bado anakuchezea, kuna nyimbo, kuna vichekesho. Akerman alifunga mlango akakaa na wewe ndani.

Baada ya kuiona ile mara ya kwanza nilienda kwa mama. Nilimkuta na ungo anachambua mchele, na mimi siku zote huwa nakaa pembeni na simu au naukamata ule ungo nimalize haraka. Siku hiyo nikakaa kwenye kibao nikamuangalia. Sikusaidia, sikuongea. Vidole vyake vinaenda kama vinahesabu, anasukuma punje kwa kidole gumba, anatoa jiwe anarusha mlangoni bila kuangalia, kuku wanakimbilia, anapepeta, anaanza upande wa pili. Akaniuliza wewe una nini leo, unaumwa? Nikamwambia hapana mama, nakuangalia tu. Akacheka, akaendelea, ila nikaona amekaa wima zaidi. Ilichukua dakika kama arobaini ule mchele. Nimekula wali wa mama miaka yote hiyo na ile ilikua mara ya kwanza nauona.

Tuje kwenye mkasi, ule aliomuulia mwanaume wa siku ya tatu, maana najua wengi ndo mnasubiri hapo. Dada mmoja hapa wakati taa zinawashwa alisema kwa sauti "amejikomboa". Naelewa kwanini mtu anasema hivyo, na wengi wameandika hivyo. Mimi sikubali. Angalieni mkasi ulifikaje chumbani, kifurushi kimetoka kwa ndugu yake Fernande wa Kanada, nguo ya kulalia, ameenda kuchukua mkasi akate kamba, mlango ukagongwa, mkasi ukabaki kwenye meza ya kioo. Siku ya kwanza ule mkasi ungerudi mahali pake. Ni kifuniko kilekile cha bakuli, ni taa ileile iliyosahauliwa. Na kwa mara ya kwanza kamera imeingia chumbani mgeni akiwemo, tunaona kwamba kuna kitu mwili wake umekifanya bila ruhusa yake, alafu anavaa, anajifunga vifungo vya blauzi mbele ya kioo, anachukua, anafanya. Kwa utaratibu uleule. Hata haraka hana. Akerman aliwahi kusema kwamba Jeanne akibamiza glasi mezani ukadhani maziwa yatamwagika, hilo ni tukio kubwa sawa na mauaji, na ukiichukua kauli hiyo kwa uzito basi kilele cha sinema tulishakipita, kilikua kwenye sufuria jana yake. Ukombozi siuoni. Naona mtu aliyejaribu kurudisha saa yake isimame sawa, kwa njia pekee iliyokua imebaki mezani.

Akerman alifanya kazi nyingi baada ya hapo, miaka 40 mingine, hadithi, dokumentari, hata ya nyimbo na kucheza. Ila ya mwisho kabisa, No Home Movie, 2015, yuko tena Brussels, kwenye fleti ya mama yake, mama ni mzee sasa, wanakaa meza ya jikoni wanaongea, au wanaongea kwenye kompyuta kila mtu yuko nchi yake, na kamera ndogo imewekwa tu mahali, inaangalia koridoni, inaangalia mlango mama atokee. Mama alifariki 2014 kabla sinema haijatoka. Oktoba 2015 Chantal akajitoa uhai Paris, miaka 65. Alianzia jikoni akamalizia jikoni. Tukipata nafasi mwezi ujao naomba tuiangalie hiyo pamoja na ile ya dakika 13, usiku mmoja, itakua nzito ila tutakua pamoja.

Namalizia na ile shoti ya mwisho. Jeanne amekaa mezani, damu mkononi na kwenye blauzi, taa imezimwa, ile taa ya bluu ya mtaani inapiga kwenye kabati nyuma yake, inawaka inazima, na lile bakuli la hela lipo palepale. Dakika kama sita saba hakuna kingine. Mara ya mwisho nilivyoiangalia nikiwa najiandaa kwa leo, nilikaa na mkono wangu juu ya kibodi, kwenye kitufe kilekile ninachokatia kila siku, nikasema ngoja nitafute kiutaalamu kabisa wapi ningekata. Dakika ya kwanza nikasema hapa, akainamisha kichwa, nikasubiri. Nikasema hapa, akafumba macho. Nikasema basi hapa imetosha, nikaona bega lake linashuka, anapumua, kama mtu aliyemaliza vyombo. Nikatoa mkono kwenye kibodi nikauweka mapajani, nikakaa nae mpaka ilipozima yenyewe.